Kichwa peke yake au pamoja na mgongo? Kuchagua ufuatiliaji baada ya uvimbe adimu wa ubongo

Jioni moja mimi na mdogo wangu tulizitandaza mezani ripoti zake zote za MRI, tukazipanga mwaka baada ya mwaka. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka 16, wa ependimoma iliyoota sehemu ya nyuma ya ubongo. Akapigwa mionzi mahali pale palipotolewa uvimbe, akarudi shule, akamaliza, akaanza kazi. Mwaka wa tisa ukamkuta na maumivu ya kiuno yanayomwamsha usiku. Kila ripoti iliishia kwa maneno yale yale: hakuna dalili za uvimbe kurudi. Maneno hayo tulikuwa tumeyashika kama ahadi. Ndipo alipoinua macho akaniuliza, "Dada, mbona tangu mwaka wa tatu hakuna hata moja inayotaja mgongo?"

Picha hazikusomwa vibaya. Zilikuwa picha za kichwa, na kichwa kweli kilikuwa safi. Kivimbe kilikuwa chini kabisa, mwisho wa mfuko unaobeba mishipa ya fahamu, mahali ambapo kwa miaka sita hakuna mashine iliyopapitia.

Tangu hapo nimekaa na madaktari wengi, nimeuliza sana, na nimekutana na familia ambazo zinamaliza matibabu leo na zinatakiwa kuamua mambo ambayo sisi hatukujua kwamba yanaamuliwa: kupiga picha za wapi, kwa miaka mingapi, na nani awe mwangalizi. Yaliyo hapa chini hayachukui nafasi ya daktari wako, lakini yatakusaidia kumuuliza.

Kwa nini mgongo, na kwa nini baada ya miaka

Ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji mamoja. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo yanabadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Yanaanzia kwenye vyumba vya ndani ya ubongo, yanatoka kwa nyuma, yanauzunguka uti wa mgongo na kushuka hadi mwisho wa mfuko, karibu na pingili ya pili ya sakramu, ule mfupa wa nyuma ya nyonga. Uti wenyewe huwa umeishia juu zaidi, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mishipa ya fahamu tu, imening'inia ndani ya maji kama mkia wa farasi. Uvimbe unaogusa maji unaweza kudondosha seli, nazo zikatua huko chini kama mchanga unavyotuama kwenye sakafu ya mtungi.

Seli chache zilizotua hazionekani kwenye picha yoyote. Zikiwa za aina inayogawanyika polepole, zinaweza kukaa miaka kabla hazijawa punje ya kuonekana. Na kama mionzi ilielekezwa kichwani tu, huko zilikotua haikuwahi kufika.

Jina la uvimbe ndilo linaloanza kuamua

Watu wengi huniuliza "tuchague ufuatiliaji upi" kabla hawajanitajia jina kamili lililoandikwa na maabara ya patholojia. Lazima tuanzie hapo, maana vimbe hivi havifanani hata kidogo.

Medulobilastoma, uvimbe wa nyuma ya ubongo unaowapata zaidi watoto, hupenda sana kusafiri kwa maji, na madaktari hulijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mgonjwa aliyevuka umri mdogo sana hupigwa mionzi kichwa chote na mgongo wote: kwa kawaida Gy 23.4 (Gy, yaani gray, ni kipimo cha kiasi cha mionzi) kwa wenye hatari ya wastani, Gy 36 kwa wenye hatari kubwa, kisha mahali pa uvimbe panaongezewa hadi kama Gy 54. Marudio mengi huja ndani ya miaka michache ya mwanzo. Lakini vipimo vya molekuli vimeigawa medulobilastoma katika makundi manne, na kundi la 4 lina tabia ya kuchelewa, hata kurudi baada ya mwaka wa tano. Vivimbe vyake aghalabu havinywi vizuri ile dawa ya gadolini inayodungwa ili uvimbe ung'ae kwenye picha. Mgonjwa wa kundi hilo akiachiwa kwa sababu tu miaka mitano imepita, ameachiwa mapema.

Ependimoma, iliyompata mdogo wangu, kwa kawaida hurudi pale pale ilipoanzia. Kwa sababu hiyo picha za kichwa ndizo zinazopewa uzito. Hata hivyo sehemu ya wagonjwa huteremkiwa mgongoni, wakati mwingine bila kichwa kuonyesha lolote. Zile za nyuma ya ubongo zimegawanywa katika kundi A, linalowapata zaidi watoto wadogo, na kundi B, linalowapata zaidi vijana na watu wazima. Kundi B lina matarajio mazuri zaidi, lakini marudio yake huweza kuja kwa kuchelewa sana. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza kidogo. Matarajio mazuri ndiyo yaliyotufanya tulegee.

Nurositoma ya kati, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, huota kwenye vyumba vya maji vya ubongo, zaidi kwa vijana. Ungetarajia iwe msafiri mkubwa, kwa kuwa imekaa ndani ya maji yenyewe, lakini kushuka mgongoni ni nadra. Hapa kinachotazamwa ni kama ilitolewa yote na kipimo cha kasi ya kugawanyika kinachoitwa Ki-67. Kikiwa chini ya asilimia 2 au 3, ambao ndio mpaka unaotumiwa na maabara nyingi, na picha ya kwanza ya mgongo ikawa safi, sioni ubaya wa kufuatilia kichwa tu. Kikiwa juu, nisingeuacha mgongo.

Vimbe vya tezi ya pineali, iliyo katikati ya ubongo, vya daraja la kati la ukali ni kundi dogo mno, na vinaweza kusambaa mgongoni miaka mingi baada ya tiba. Jerminoma, ambayo nayo huweza kuota eneo hilo, ni tofauti: huitikia mionzi vizuri sana, na baadhi ya jamaa zake huacha alama kwenye damu na kwenye maji ya mgongo, yaani AFP na beta-hCG, kwa hiyo kuna kipimo cha maabara cha kusaidia picha.

Halafu kuna ile iliyokuwa ikiitwa hemanjioperisitoma, ambayo mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliiunganisha na uvimbe pweke wa nyuzinyuzi, na toleo la 2021 likabakiza jina hilo la pili peke yake. Hii huweza kurudi baada ya miaka kumi na zaidi, na njia yake kuu ya kwenda mbali ni damu. Inaenda kwenye mifupa, ikiwamo pingili za mgongo, kwenye mapafu na kwenye ini. Mwenye uvimbe huu akipigwa picha za kichwa na mgongo pekee, bado kifua na tumbo vimeachwa gizani.

Usidanganywe pia na namba ya daraja, ile inayoonyesha ukali wa uvimbe kuanzia 1. Papiloma ya daraja la 1 inayoota kwenye vyumba vya maji vya ubongo imewahi kudondosha vivimbe mgongoni. Ependimoma ya miksopapila, ambayo huanzia huko huko chini ya mgongo na inaweza kupanda juu, ilikuwa daraja la 1 kwa miaka mingi. Mwaka 2021 ikapandishwa hadi daraja la 2, kwa sababu ya jinsi inavyorudi.

Kichwa tu, au kichwa na mgongo wote

Ufuatiliaji wa kichwa tu una faida zake, na si busara kuzidharau. Unachukua kama nusu saa au zaidi kidogo. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji dawa ya usingizi ya muda mfupi tu. Gharama ni ndogo, foleni ni fupi, na picha zenye utata ni chache. Kwa uvimbe ambao karibu haushuki kamwe, kumlaza mtu mara mbili ya muda huo kila mwaka ni kumchosha bure.

Kuongeza mgongo wote kunaweza kufikisha saa moja na zaidi ndani ya lile bomba. Mdogo wangu husema kichwa anakivumilia, lakini mgongo humpa shida kwa sababu ni lazima atulize hata pumzi, na ubaridi wa chumba humwingia magotini. Picha za mgongo pia huchanganya. Mishipa ya damu inayotambaa juu ya uti huweza kung'aa kama mstari wa ugonjwa, na maji yanayotiririka huacha vivuli vinavyofanana na vivimbe. Familia inaweza kukosa usingizi miezi mitatu kwa kitu ambacho picha ya pili itasema ni mshipa tu.

Pamoja na hayo yote, kwa medulobilastoma, ependimoma, vimbe vya pineali vya daraja la kati na chochote kilichowahi kuonyesha seli ndani ya maji, mimi nachagua mgongo uwemo. Si lazima kila mara. Madaktari wengine hupiga kichwa kila miezi michache na mgongo kwa nafasi ndefu zaidi, na huo ni mpango mzuri maadamu umeandikwa. Ubaya unaanza pale mgongo unapodondoka kwenye fomu bila mtu yeyote kuamua udondoke. Kwetu ilikuwa hivyo: daktari alihama, fomu mpya ikaandikwa "MRI ya ubongo", na miaka ikaenda.

Hapa pana jambo dogo ambalo lingetuokolea miezi minne. Mdogo wangu alipolalamika kiuno, alipigwa MRI ya kiuno ya kawaida, ile ya kutafuta diski iliyotoka, bila gadolini. Ilisomeka sawa, kwa kuwa ilikuwa ikijibu swali jingine. Kwa mtu aliyewahi kuwa na uvimbe wa namna hii, picha inayotakiwa ni ya mgongo wote, kuanzia chini ya fuvu hadi mwisho wa mfuko kule kwenye sakramu, kabla na baada ya gadolini. Ukiona picha imekatwa kwenye pingili ya mwisho ya kiuno, rudi uulize, kwa sababu pale inapokatwa ndipo seli hupenda kutua. Na kwa vimbe visivyonywa gadolini, omba ziwemo picha nyembamba zinazoyaonyesha maji yakiwa meupe sana: kivimbe hujichora humo kama doa jeusi hata kama haking'ai.

Kuhusu picha ya kwanza ya mgongo, wakati wake una uzito. Ni bora ipigwe kabla ya upasuaji. Ikishindikana, wengi hungoja angalau siku 10 hadi 14 baada yake, kwa kuwa damu ya upasuaji huteremka na maji na kuonekana kama ugonjwa uliosambaa.

Miaka mitano, kumi, au maisha

Mpango wa kuishia mwaka wa tano ulitokana na vimbe vinavyorudi haraka. Unampa mtu ruhusa ya kuishi bila tarehe ya picha kichwani mwake, na nimeona jinsi ruhusa hiyo inavyomnyoosha mtu mabega. Unapunguza pia kudungwa gadolini. Tangu ilipogundulika kwamba mabaki yake hubaki kwenye ubongo, Shirika la Dawa la Ulaya mwaka 2017 lilizuia sehemu kubwa ya zile za muundo wa mnyoofu, na sasa zinazopendelewa ni za muundo wa pete, ambazo huacha mabaki kidogo zaidi. Mwenye figo dhaifu anapaswa kulisema hilo mapema kabla ya kila picha.

Mpango mrefu hauna maana ya picha nyingi. Mara nyingi huwa kila miezi mitatu au minne katika miaka ya mwanzo, kisha kila miezi sita, kisha mara moja kwa mwaka, halafu kwa nafasi ndefu zaidi. Nafasi zinapanuka lakini mlango haufungwi. Na baada ya mwaka wa tano picha inakuwa na kazi mpya. Mionzi ya kichwa inaweza kuzaa meninjioma, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, miongo kadhaa baadaye, na inaweza kudhoofisha mishipa ya damu ya ubongo. Homoni za ukuaji na za tezi ya shingo huweza kushuka taratibu. Waliopewa sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, huweza kupungukiwa usikivu. Mtu aliyepigwa mionzi akiwa mtoto anahitaji mwangalizi kwa maisha, hata kama uvimbe wenyewe hautarudi kamwe.

Kwa hiyo kati ya kuishia mwaka wa tano na kuendelea, kwa vimbe vinavyochelewa nachagua kuendelea, bila kusitasita. Kwa vimbe vinavyorudi mapema au visivyorudi kabisa, kuachiwa picha za mara kwa mara ni haki ya mgonjwa, lakini aondoke na karatasi yenye jina la uvimbe wake, kiasi cha mionzi aliyopigwa na wapi, dawa alizopewa, na dalili za kumrudisha haraka. Daktari wa zahanati anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi hatajua chochote cha hayo asipoonyeshwa.

Na nani awe mwangalizi? Daktari wa upasuaji anaijua picha. Daktari wa saratani anajua tiba. Kliniki ya waliopona, palipo nayo, inamtazama mtu kwa ujumla wake. Mimi naangalia kitu kimoja: nani atajibu simu mgonjwa akisema mguu umekufa ganzi.

Picha, sindano ya mgongo, au kungoja dalili

Kutoa maji kwa sindano kiunoni huweza kukamata seli ambazo picha bado haizioni. Lakini sampuli ya kwanza hukosa ugonjwa mara nyingi hata ukiwapo; sampuli ya pili hupunguza kukosa huko. Maji yawe ya kutosha, angalau mililita 10 kwa mtu mzima ikiwezekana, na yafike maabara upesi kabla seli hazijaharibika. Baada ya upasuaji hungojewa pia kama wiki mbili. Sindano hii ina kazi kubwa mwanzoni, na pale picha inapotia shaka. Kuifanya kila mwaka kwa mtu asiye na dalili, picha zake safi, naona ni kumtesa.

Kungoja dalili ndiko kunakotokea penye MRI adimu, na simlaumu mtu asiye na njia nyingine. Basi dalili zijulikane: maumivu ya mgongo yanayozidi usiku au ukilala chali, ganzi sehemu zinazogusa tandiko mtu anapopanda baiskeli, miguu inayojikwaa, choo kigumu kilichoanza ghafla. Mkojo ukigoma kutoka, au ukitoka bila kuhisi, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mishipa ile ikibanwa kwa muda mrefu, nguvu iliyopotea inaweza isirudi hata kivimbe kikiondolewa. Mdogo wangu alikuwa ameanza kukaa chooni muda mrefu akisubiri mkojo, na aliona aibu kusema. Nimemwomba ruhusa ya kuliandika hili, akasema liandike.

Kivimbe kikishapatikana

Kwanza kichwa na mgongo wote hupigwa upya, na maji hutolewa, maana kivimbe kimoja na vivimbe ishirini ni magonjwa mawili tofauti kwa anayechagua tiba. Kipande kikipatikana kichunguzwe tena. Baada ya miaka tisa maabara inaweza kuona mambo ambayo zamani hayakuwa na kipimo.

Kikiwa kimoja na kinafikika, upasuaji una nguvu ya kuondoa mbano mara moja na kutoa jibu la patholojia. Mionzi ya eneo hilo tu baada yake humwachia mgonjwa damu yake, kwa sababu uboho wa pingili nyingine, unaotengeneza damu, hauguswi, na inamwachia akiba ya mionzi kwa baadaye. Kasoro yake ni wazi: seli zilizotua kwingine zinaachwa. Mionzi ya kichwa na mgongo wote huzifuata hizo, na kwa ugonjwa uliosambaa ndiyo yenye mantiki zaidi, lakini hushusha chembe za damu, huchosha, na kichwa kilichokwisha kupigwa zamani kina mpaka wa kiasi kinachoweza kuongezwa. Kwa ependimoma, dawa za kemo hazijaonyesha nguvu kubwa, tofauti na medulobilastoma na jerminoma.

Mionzi ya protoni au ya kawaida, yaani ya eksirei? Mionzi ya kawaida ikiingia mgongoni hutoka kwa upande wa mbele, ikipitia moyo, matumbo na, kwa mwanamke, ovari. Protoni husimama pale zilipopangiwa kusimama. Kwa kuua uvimbe zote mbili zinakaribiana. Tofauti ni viungo vinavyoachwa salama. Kwa mtoto, au kwa binti wa miaka 25 anayetaka kuzaa, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini vituo vya protoni ni vichache, na kungoja miezi wakati mguu unadhoofika ni hasara kuliko faida utakayoifuata. Panapotumika mionzi ya kawaida, ulizeni kabla ya siku ya kwanza kuhusu kuhifadhi mayai au kuzisogeza ovari.

Kivimbe cha mdogo wangu kilikuwa kimoja, na maji yake yalikuja safi mara mbili. Akachagua upasuaji na mionzi ya eneo, kwa sharti kwamba kichwa na mgongo wote vipigwe kila baada ya miezi minne. Jopo la madaktari lilikuwa limegawanyika, na mmoja wao, ambaye namheshimu sana, angependa mgongo wote upigwe mionzi siku ile. Mwingine mwenye hali kama hiyo anaweza kuchagua njia hiyo na akawa sahihi kabisa.

Miezi minne sasa imekuwa sita. Mkojo ulirudi wiki ya pili baada ya upasuaji. Kidole gumba cha mguu wa kushoto bado hakijainuka vizuri. Kila akipewa fomu ya picha huisoma pale pale mbele ya dirisha, na ikiwa imeandikwa "MRI ya ubongo" huirudisha kwa adabu na kuomba iongezwe: "na mgongo wote hadi mwisho wa mfuko, kabla na baada ya gadolini, ilinganishwe na picha zilizopita." Sentensi hiyo ameiandika kwa mkono wake kwenye kadi ndogo anayoiweka nyuma ya kitambulisho. Mwezi ujao anaingia tena kwenye bomba, mwaka wa kumi na mbili tangu upasuaji wa kwanza, na mimi nitakuwa nje na soksi zake nene.